Keji ya kutanuka au keji ya kawaida kwa L4-L5?

Pingili45: Wakuu, naomba tulinganishe. TLIF (operesheni ya kutoa diski kupitia nyuma-ubavuni, kuweka keji, yaani kipande cha kushikilia nafasi, na kuunganisha pingili) ya ngazi moja, mwanamke wa miaka 63, L4 (pingili ya nne ya kiuno) imeteleza juu ya L5 kwa daraja la 1, yaani kidogo, nafasi ya diski imebaki milimita 6. Mkononi kuna keji za PEEK (plastiki ngumu) za kimo kisichobadilika, milimita 8 hadi 14, na keji ya titani inayoingia ikiwa na 8 na kutanuka hadi 12. Bei ya ya pili ni kubwa mno. Mgonjwa anapata nini cha ziada?

NeshaL5: Anachopata kiko kwenye kuingiza. Ukitaka kuweka keji ya kawaida ya 11, utagonga vipimo (vipande vya kujaribia saizi) vya 8, 9, 10 kisha 11, na kila kimoja kinapita ubavuni mwa mzizi wa L5 na kukwangua uso wa pingili. Ya kutanuka inapita mara moja ikiwa imesinyaa, kwa hiyo neva inavutwa kidogo.

Mpangilio wake: toa diski, kwangua gegedu mpaka uone vitone vya damu kwenye mfupa, lakini usitoboe. Jaza vipande vya mfupa sehemu ya mbele ya nafasi kabla ya keji. Sukuma keji hadi theluthi ya mbele, hakikisha kwa eksirei ya ubavuni, ndipo utanue. Ukimaliza, jaza mfupa tena kupitia tundu la mpini. Wengi wanaruka hatua hii ya mwisho. Keji ikitanuka, ndani hubaki pengo, na mfupa uliojazwa mwanzo unalala chini bila kugusa pingili ya juu. Hapo hapaungi.

Fimbo_na_Skrubu: Nakubaliana na Nesha kuhusu neva, ila tusimuahidi mgonjwa kwamba mfupa utaunga vizuri zaidi. Kinachounga ni maandalizi ya uso wa pingili, wingi wa mfupa uliopandikizwa, na mgonjwa kuacha sigara.

Hatari kubwa ni keji kuzama ndani ya mfupa wa pingili. Skrubu ya ndani ya keji inazidisha nguvu ya mkono, na keji yenyewe ni nyembamba, hivyo mzigo wote unaangukia eneo dogo. Angalia skrini wakati unazungusha: mpini unazunguka, lakini pingili haziachani. Basi keji inachimba mfupa. Simama hapo hapo, hata kama kipimo cha mpini kinasoma 10 na ulipanga 12. Pia fimbo zinazounganisha skrubu za pingili zisiwe zimekazwa wakati huo, maana zitazuia nafasi kufunguka na nguvu yote itaishia kwenye mfupa.

Umepima mifupa yake? Usitegemee DEXA (eksirei ya kupima uzito wa mfupa) ya kiuno peke yake. Vinundu vya mfupa vya uzeeni huipandisha namba.

Pingili45: CT inaonyesha L1, pingili ya kwanza ya kiuno, ina yuniti 95 za Hounsfield (kipimo cha uzito wa mfupa kwenye CT).

Fimbo_na_Skrubu: Chini ya 110 mshuku osteoporosisi (mifupa kudhoofika). Kwake ningeacha ya kutanuka. Chukua keji ya umbo la ndizi, ilaze kwa upana mbele kabisa, ikalie ukingo wa pingili ambako mfupa ni mgumu kuliko katikati. Usilazimishe kimo, 9 iliyokaa imara ni bora kuliko 12 inayozama. Kama neva hazina dharura, aanzishiwe kwanza dawa ya kujenga mfupa kama teriparataidi, operesheni isubiri.

MgongoWazi: Niongeze mambo mawili. Kuna keji zinazoongeza kimo tu, na nyingine zinafungua upande wa mbele zaidi ili kurudisha mpindo wa kiuno. Uliza muuzaji kabla ya kulipa, kwa sababu theluthi mbili hivi za mpindo huo ziko kati ya L4 na S1 (pingili iliyo chini ya L5). La pili ni kuitoa: lazima isinyazwe kwanza, na bisibisi yake ni ya kampuni husika. Andikeni aina na saizi kwenye faili la mgonjwa.

Kwa TB ya uti wa mgongo, pale mwili mzima wa pingili unapoondolewa, hesabu inabadilika. Silinda ya wavu wa titani lazima ikatwe kwa kipimo, na meno yake makali huzama. Ya kutanuka inawekwa fupi, kisha inafika kimo ikiwa palepale. Huko ndiko ningeitolea hela.

Pingili45: Nimeelewa, wakuu. Namwandikia rufaa ya kliniki ya mifupa, na oda ya keji naibadilisha.