Nyumba ya ufukweni Matema: wenyeji wauze, au wakodishe tu?

Mtoa mada (Uyole, Mbeya)

Wadau, habari za jioni. Mimi ni muuguzi mstaafu, ninaishi Uyole. Wanaoijua Uyole ya mwezi wa Juni na Julai watanielewa nikisema magoti yangu hayaiwezi tena baridi ile. Matema, kule Kyela mwambao wa Ziwa Nyasa, nimekuwa nikienda kila nipatapo nafasi, na mwaka huu nilienda kutafuta nyumba ya kununua. Nikaipata: vyumba viwili, sebule, choo cha nje, mwembe mkubwa uani, na ziwa hapo hapo mbele. Bei yake haikufika nusu ya kiwanja kitupu nilichoulizia huku Uyole. Lami ya kutoka Kikusya kupitia Ipinda imefupisha safari, hospitali ya Kilutheri ipo, mchele na ndizi ni vya hapo hapo. Kwa pensheni yangu nikaona hapa nitaishi bila kuomba mtu.

Nilikuwa tayari kulipa. Kilichonisimamisha ni mama mmoja aliyekuwa akianika usipa, dagaa wa ziwa letu, mbele ya nyumba ile. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Ukishanunua, sisi tutaanika wapi?" Sikuwa na jibu. Nikapanda gari kurudi Mbeya, hela ikiwa bado mkononi.

Naomba tujadili. Vijiji vya mwambao wa Matema viendelee kuwauzia watu wa nje kama mimi nyumba na viwanja vya ufukweni, au viwakodishie tu, ardhi ibaki ya wenyeji? Msimamo wangu ni kwamba kule ndani, ng'ambo ya barabara, watu wauziane wapendavyo. Ila ule ukanda wa mchanga usiuzwe. Pale ndipo mitumbwi inapopandishwa alfajiri baada ya usiku wa kuvua kwa taa za karabai, nyavu zinashonwa pale, usipa unaanikwa pale, akina mama Wakisi, wafinyanzi wa mwambao huu, wanashusha vyungu vyao pale. Mtu akijenga ukuta hadi majini, hata awe na roho nzuri kiasi gani, amewafungia watu ofisi yao.

Mwenye boti (Matema)

Shikamoo mama. Mimi ni mzaliwa wa hapa, na kwa heshima yote nakupinga.

Ninyi wa Mbeya mnauza viwanja vyenu kila siku na hakuna anayewaambia mtunze ardhi ya mababu. Sisi tukitaka kuuza, ghafla tunakuwa watoto wa kulindwa. Baba yangu aliuza kipande cha ufukweni. Fedha ile ilinunua injini ya boti, na boti hiyo leo inapeleka watu Ikombe na kuwarudisha. Tusingeuza, tungekuwa na mchanga mzuri na wadogo zangu wawili wasingesoma. Kukodisha kunakozungumzwa hapa ni kodi ya mwaka inayoliwa kwa mwezi mmoja. Injini hainunuliwi kwa kodi ya mwaka.

Nakubali jambo moja tu, kuhusu ukuta. Huyo aliyenunua kwa baba alikuta njia aliyopita bibi yangu kwenda kuchota maji, akaiziba kwa seng'enge. Hilo lilituuma. Lakini kosa ni kuziba njia, kuuza si kosa.

Mwalimu wa Jiografia (Tukuyu)

Mnagombania mchanga ambao ziwa lenyewe halijaamua kuuacha. Ziwa Nyasa lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Shire kule Malawi, na maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke kuliko kwa mto huo. Mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa hupanda na kushuka kwake huwa polepole. Kati ya 1915 na 1935 lilishuka hata likaacha kabisa kumwaga maji Shire. Mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1980 likapanda mno. Mvua za 2024 zilipoijaza Kyela maji, kuna watu walishangaa kuona mawimbi yanafika walipojenga. Mzee wa pale asingeshangaa.

Halafu angalieni ramani. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 550, nalo limelala kaskazini kwenda kusini. Matema iko kwenye ncha ya kaskazini kabisa. Upepo wa kusi ukivuma, wimbi linasafiri urefu wote huo bila kizuizi na kuja kuvunjikia kwenye ua wako.

Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mwambao wa ziwa. Kwa hiyo mama, ule ukanda unaouliza kama uuzwe au ukodishwe, kwa ujenzi wa kudumu hauna hili wala lile. Swali gumu ni mita 60 kutoka wapi, maana mwambao wa mwaka wa ukame si mwambao wa mwaka wa masika makubwa. Mimi ningepima kutoka pale maji yalipofika yalipopanda zaidi. Wazee wapo, waulizwe.

Fundi ujenzi (Kyela)

Naongezea kidogo tu. Watu wanakuja na ramani za Dar wakidhani hili ni bahari. Hapa hakuna chumvi ya kula nondo na bati, hiyo ni nafuu kubwa. Adui ni maji ya chini na mchwa. Ukichimba kidogo tu umekutana na maji. Msingi lazima uinuliwe, choo kisichimbwe karibu na kisima, na nyumba ipate madirisha makubwa maana joto letu si la Mbeya. Nyumba ya bei poa ya ufukweni ikague ukutani chini, kama rangi inabanduka hadi usawa wa goti, ujue maji yameshaingia humo ndani.

Mama wa Ipinda

Kaka mwenye boti, nimekusikia, na nafurahi fedha ya baba yako ilifanya kazi. Kwetu haikuwa hivyo.

Baba alipofariki, baba mdogo aliuza eneo la karibu na maji wakati mama yangu bado analala kwenye nyumba ile. Mnunuzi alikuja na karatasi yenye sahihi za mashahidi wawili na muhuri. Mama hakuulizwa. Tulikwenda baraza la kata, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Ikabidi twende mbele zaidi, nauli na siku za kazi zikaishia njiani. Mama alihamia kwangu Ipinda. Kila asubuhi anaulizia ziwa.

Ndiyo maana sipendi tukibishana "wauze, wasiuze" kana kwamba anayeuza ni mtu mmoja. Nani anauza? Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini ni wanunuzi wangapi wanaomba kumwona mke? Na kama ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka halmashauri ya kijiji iridhie kabla mtu wa nje hajapewa. Halmashauri maana yake kikao chenye muhtasari ulioandikwa. Mwenyekiti kukupigia muhuri chini ya mwembe siyo kikao.

Mkulima (Mafinga)

Sisi tulipitia haya kwa misitu. Watu wa mjini walikuja kutafuta mashamba ya kupanda misindano, na bei ilionekana kubwa siku ile. Leo kuna vijana kijijini kwetu wanakodi robo ekari ya kulima maharage katikati ya miti ya watu wasiowajua kwa sura. Mwenye boti, mimi sikuzuii kuuza. Nakuomba tu usiuze kipande cha mwisho.

Mtoa mada

Asanteni sana, ndaga fijo.

Mwanangu mwenye boti, umenigusa pale penye injini. Nilikuwa nimefikiria zaidi mchanga kuliko watu waliozaliwa juu yake. Kukodisha peke yake siyo jibu kama nilivyodhani. Lakini kwenye ukanda wa maji sirudi nyuma, na sasa mwalimu amenipa sababu nyingine juu ya ile niliyokuwa nayo.

Nyumba ile ya ufukweni nimeiacha. Nimeambiwa ipo nyingine ng'ambo ya barabara, haina ziwa dirishani, na bei iko chini zaidi. Sitatoa hata senti kabla ya kikao cha halmashauri ya kijiji. Nitaomba mke wa muuzaji na mama yake mzazi wawepo, waseme kwa vinywa vyao. Na kwa kuwa nimefanya kazi wodini miaka mingi, naongeza neno kwa wastaafu wenzangu: malaria ya Kyela si ya kuchezea. Nunua wavu wa madirisha kabla ya kununua kochi.

Kuna jambo sijalipatia jibu. Njia za kwenda majini zinazopita kwenye viwanja vilivyokwisha kuuzwa, kijiji kinaweza kuziandika kwenye mpango wake wa matumizi ya ardhi sasa hivi, au kimeshachelewa?

Mwenye boti (Matema)

Mama, mkutano mkuu wa kijiji unaweza kuzijadili, na mimi nitalileta hilo hata kama baba atanuna. Njoo Jumamosi, siku ya soko la vyungu pale Lyulilo. Nitakutembeza kutoka barabarani hadi majini kwa kila njia niliyopita nikiwa mtoto, tuhesabu zilizobaki. Yule mama wa usipa ni shangazi yangu. Ameniuliza kama umesharudi.