Wazazi wapya tupeane uzoefu: ni kitu gani cha kawaida nyumbani unakiona upya tangu mtoto aje?

Mleta mada:
Habari zenu wazazi wenzangu. Kuhusu usingizi na gesi tumboni tumeshapeana mengi, na yanasaidia. Leo naomba tusimuliane yale yanayokufanya usimame na kutazama, humo humo ndani ya nyumba.

Naanza. Binti yangu ana miezi mitatu. Jua la asubuhi likipenya pembeni ya pazia linachora mistari ukutani, na upepo ukivuma mistari inacheza. Huikodolea macho mpaka anasahau kunyonya. Miaka yote niliyokaa hapa sikuwahi kuitazama.

Ila kubwa kwangu ni mikono. Siku hizi anainua ngumi mbele ya uso, anaigeuza, kisha vidole vinafunguka taratibu huku anavikazia macho. Mkono wa pili ukipita karibu anaudaka, anatulia, kama vile anajiuliza huu nao ni wa nani. Alipozaliwa ukimwekea kidole kiganjani alikibana papo hapo, lakini huko kubana kulikuwa kwa mwili wenyewe tu, bila yeye kutaka; vichanga huzaliwa nako. Sasa anafunga na kufungua kwa kutaka mwenyewe. Vyombo vinanisubiri, nami nimekaa nayaangalia hayo.

Baba mpya:
Mimi machozi. Wiki za mwanzo wa kwangu alilia kwa sauti kubwa, macho makavu kabisa. Nikaambiwa ni kawaida, machozi ya kuonekana huchelewa kidogo. Juzi usiku nambadilisha nepi, chozi likateremka mpaka sikioni. Nililifuta kwa kidole, nikamwita mama yake aje aone.

Mama kichanga:
Utosi! Akilala unauona unadunda pamoja na moyo. Niliogopa hata kumwosha kichwa.

Mama wa mapacha:
@Mama kichanga, mwoshe tu kwa upole mdogo wangu. Mifupa ya kichwa bado haijaungana ndiyo maana. Utosi wa mbele kwa wengi huziba kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu. Ukiona umebonyea sana, au umevimba akiwa ametulia, muwahishe hospitali.

Wangu wana miezi tisa. Zamani nikifunika kijiko kwa kitambaa, basi, kwao kijiko kimekwisha. Sasa wanafunua kukitafuta! Mmoja anaangusha kitu, mwenzake anachungulia kilipoangukia, nikiokota wanaanza upya. Mgongo unauma, lakini wanajifunza kwamba kitu kikidondoka bado kipo, na kwamba wao ndio waliofanya kidondoke. Sipendi watu wanaposema huo ni utundu.

Mzazi mgeni:
Nawasoma wote. Mimi kwa kweli sioni maajabu. Nalisha, nafua, nalia. Labda nina kasoro.

Mleta mada:
Huna kasoro dada yangu, na umefanya vizuri kusema. Uchovu ukizidi hakuna kinachong'aa. Ila huzuni ikipita wiki mbili, au ukijiona huwezi hata kulala mtoto akilala, mweleze mkunga au daktari. Inawapata wengi baada ya kujifungua na inatibika. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto usisubiri, mwambie mtu wa karibu leo leo akupeleke.

Na usijilazimishe kutafuta maajabu. Kichanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 tu, takriban pale uso wako ulipo anaponyonya. Sauti yako ameanza kuisikia tangu tumboni. Wewe unahangaika kuona, kumbe yeye anakutazama wewe.

Mzazi mgeni:
Asante. Ni kweli, huwa anatazama hapa nywele zinapoanzia, nikadhani ana tatizo la macho. Kesho nina kliniki, nitawaambia na hayo mengine.

Mama wa mapacha:
Waambie yote, usibakize. Ukirudi tupe habari.

Mleta mada:
Tunakusubiri dada. Na wenye watoto wanaoanza kusema, mbona kimya? Neno la kwanza lilikuwa lipi, na alikuwa akionyesha nini?