Kulipia matangazo ya mtandaoni: yanaleta wateja au yanaleta "bei gani" tu?

Mama Yadi Sita, Arua

Wandugu habari za jioni, naomba tujadili hii kitu wazi maana inaninyima usingizi. Nauza vitenge hapa Arua, Uganda, mwaka wa kumi na moja sasa, duka la mlango mmoja, wateja wangu ni wa hapa mjini na Koboko, lakini zaidi ya nusu wanavuka mpaka, Wakongo wa Ariwara mpaka Bunia na akina mama wa Juba, Sudan Kusini. Sasa mtoto wa kaka yangu kamaliza chuo, kila akija dukani ni "shangazi umelala, biashara yote imehamia mtandaoni wewe bado unakaa kwenye kigoda". Kanitafutia kijana wa Kampala anataka laki tatu kila mwezi anitengenezee ukurasa, apige picha, aposti, abusti, yaani asukume matangazo yafike kwa watu wengi.

Tufanye hesabu. Faida yangu kwa pisi ya yadi sita ni elfu tano, siku ikiwa nzuri elfu saba. Laki tatu ni pisi sitini. Yaani pisi sitini za kwanza za mwezi namfanyia kazi mtu mwingine kabla sijalipa pango wala sijanunua unga.

Na si kwamba sijajaribu. Mwaka jana niliweka elfu hamsini kwenye tangazo la Facebook, nikatandika vitenge vizuri mezani nikapiga picha, siku tano simu haikupumzika. Nikaandika kwenye daftari: meseji 143, walionunua 4, na wawili kati ya hao wananijua toka zamani. Halafu Facebook yenyewe hapa kwetu imefungwa tangu Januari 2021, wiki ile ya uchaguzi, watu wanaingia kwa VPN, ile programu inayoficha simu iko wapi. Nalipia tangazo lionekane na mtu wa Arua, na simu ya huyo mtu wa Arua inasema yuko Uholanzi. Nani atanieleza hiyo pesa inaangukia wapi?

Msimamo wangu ni kwamba kwa duka kama langu kulipia matangazo ni kumwaga maji mchangani. Anayepinga aje na hesabu tafadhali.

Kijana wa Arkedi, Kampala

Mama heshima yako, nakuja na hesabu.

Mimi niko arkedi moja, jengo la maduka madogomadogo, hapa karibu na Old Taxi Park, gorofa ya tatu, nauza viatu vya kike. Gorofa ya chini pango lake siliwezi, na huku juu hakuna mtu anapanda ngazi kutafuta kiatu asichojua kama kipo. Miezi minne ya kwanza kuna siku nilikuwa nafungua na kufunga bila kuuza hata jozi moja. Kilichoniokoa ni TikTok, na sijawahi kuilipa TikTok hata mia, ninacholipa ni bando (na bando lenyewe lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021 walipoondoa ile OTT, kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku, hiyo kila mfanyabiashara anaisikia mfukoni).

Saa moja jioni natega simu kwenye stendi naingia laivu. Sisemi maneno mengi. Nakunja kiatu mpaka kisigino kikutane na ncha watu waone soli haipasuki, halafu natia rula ndani ya kiatu nasoma sentimita, kwa sababu 40 ya China si 40 ya Ulaya na ugomvi wote wa wateja wa mbali unaanzia hapo. Mtu wa Mbarara anaandika mguu wake sentimita 25, namwambia chukua hiki acha kile. Anatuma nauli ya mzigo kwanza, nampa kondakta wa basi, napiga picha ya risiti ya mzigo namtumia, akipokea anamalizia. Katika jozi kumi ninazouza leo, saba hazipandi hizi ngazi, zinashuka tu.

Sasa nikuulize mama yangu bila kukukosea. Katika zile meseji 143 ngapi zilikuwa "bei gani"? Maana nimeangalia wauza vitenge wengi, picha nzuri halafu chini wameandika "njoo inboksi". Kama bei hukuiandika basi ulikuwa unailipa Facebook ikuletee watu waulize kitu ambacho ungekiandika bure. Wa kununua na wa kupita njia wote wanakugongea mlango mmoja, wewe unachoka, unamjibu saa tano baadaye, na yule wa kununua kashanunua kwingine.

Na hiyo ya VPN ni kweli kabisa sibishi, Meta, wenye Facebook, wanabahatisha mtu alipo kwa ishara nyingi na VPN inazivuruga. Lakini si umesema wateja wako wako Bunia na Juba? Huko Facebook watu wanaingia bila VPN. Kwa nini ulilipia Arua?

Fundi Geti, Mbale

Mimi nachomelea mageti na madirisha. Geti ndilo tangazo langu, linasimama barabarani miaka ishirini, na namba yangu ya simu naiandika kwa rangi pembeni chini, mwenye nyumba akikubali. Jirani akilipenda anapiga. Sijawahi kulipia kitu mtandaoni na sioni sababu, nani atakaa Kabale aagize geti Mbale, usafiri tu unamaliza faida.

Ila picha kwenye stetasi ya WhatsApp naweka kila kazi ikiisha, hiyo siachi. Mteja wa zamani anaiona anamwonyesha shemeji yake. Watu wengine hapa hawajui kwamba ile brodkasti ya WhatsApp, ujumbe mmoja kwa watu wengi, haimfikii mtu ambaye hajahifadhi namba yako, wanatuma wanatuma halafu wanalalamika wateja wamewasusa. Mteja akilipa mwambie palepale ahifadhi namba.

Mpakani Busia

Mama usimpe mtu laki tatu!! Naandika haya kwa uchungu kwa sababu yalinikuta.

Nauza vifaa vya simu hapa Busia, kava, chaja, spika ndogo. Kulikuwa na jamaa alijiita mtaalamu wa dijitali, nikamlipa miezi mitatu. Ukurasa ulikuwa na wafuasi kama mia nne, mwezi wa pili wakawa elfu tisa, nikafurahi nikamnunulia hadi soda. Siku moja nimekaa bila kazi nikaanza kuwafungua mmoja mmoja, majina ya nchi sizijui, picha za maua, wengine hawana picha kabisa, hakuna hata mmoja wa Busia wala Tororo. Walikuwa wa kununuliwa. Na kinachouma zaidi si pesa. Ule ukurasa niliufungua mimi, una picha zangu za miaka mitano, siku nilipomwambia basi inatosha akabadilisha nywila, simu hapokei, ukurasa ukaenda. Wateja wa kweli mia nne niliowakusanya mkono kwa mkono wakaenda nao.

Kwa hiyo mtu yeyote anayesoma hapa, ukurasa unafunguliwa kwa namba yako na barua pepe yako, wewe ndiye mwenyewe, yeye unamwongeza kama mfanyakazi tu, siku mkikosana unamtoa. Hiyo nafasi ipo ndani ya Facebook na haina malipo. Na msipime kwa wafuasi wala laiki, pimeni kwa mobile money.

Mfuga Kuku, Luweero

Nasikia vijana mnasema mtandao mtandao. Vifaranga vyangu huku nimeviuza zaidi kwa kizindaalo kuliko kwa simu, kile kipaza sauti cha juu ya mlingoti pale senta, saa kumi na mbili asubuhi kinaita jina lako, mtu yuko shambani anasikia, mama yuko jikoni anasikia, hahitaji simu ya kugusa wala bando. Anachotoza mwenye kizindaalo ni pesa ya chai ukilinganisha na hizo laki tatu. Na redio hivyohivyo. Wateja wangu ni watu wa miaka hamsini wenye kabatani, simu ndogo ya vitufe, huko TikTok hawapo.

Lakini lililonifundisha zaidi ni Januari 2021. Nilikuwa na vifaranga 600 wa siku moja wametoka kwenye mashine, oda zote ziko kwenye WhatsApp, jina la mtu na idadi yake. Usiku wa kuamkia uchaguzi intaneti ikakatwa nchi nzima, siku tano. Namba nyingi sikuwa nimezihifadhi kwenye simu, zilikuwa kwenye machati tu, na kile alichosema kila mtu nimekisahau, huyu alitaka hamsini au mia? Kifaranga hakingoji. Chakula nilichowalisha siku zile kilikula faida yote, na nilipoteza wengi kwa baridi maana banda langu lilikuwa la kuwalea mia mbili tu. Na tukumbuke 2016, siku ya kura, hata mobile money ilizimwa. Duka la mtu likiwa lote ndani ya simu basi kuna siku mtu mwingine anaweza kulifunga na wewe umeshika ufunguo mkononi.

Tangu hapo oda ni kwenye daftari, jina, kijiji, namba. WhatsApp natumia kupokea tu.

Kijana wa Arkedi, Kampala

Mzee wa kuku hapo umenigusa, mimi sina daftari. Kesho nanunua.

Lakini tusichanganye mambo mawili wandugu. Mpakani aliibiwa na mtu, na mzee aliumizwa na kukatwa kwa mtandao. Hakuna hapo aliyeonyesha kwamba kuuza kwa mtandao hakulipi. Mimi bila hiyo laivu ningekuwa nimerudi kijijini. Suala ni bidhaa gani na mteja yuko wapi, kifaranga hakipandi basi mpaka Mbarara kwa raha, kiatu kinapanda, kitenge kinapanda vizuri kuliko vyote maana hakina hata saizi.

Mama Yadi Sita, Arua

Nimerudi, samahani jana umeme ulienda.

Nimelifungua daftari nikahesabu tena usiku. Meseji 143: tisini na saba ni bei, ishirini na moja ni "uko wapi", zilizobaki salamu na watu wa kuniuzia vitu vyao. Kijana wa arkedi umenishika kweli, bei sikuiandika. Na niseme kwa nini, maana vijana mnaona ni ujinga. Hapa mstari wetu tuko wauza vitenge wengi tumepangana ukuta kwa ukuta, nikiandika elfu hamsini na tano, jirani kabla ya saa sita ameandika hamsini na tatu, kitenge kilekile cha kontena lilelile. Halafu mteja wangu wa jumla kutoka Bunia, anayechukua pisi arobaini kwa bei ya chini, akiona bei ya rejareja anaanza kupiga hesabu zake, na mteja wa rejareja akijua ya jumla ndio vita. Bei kwetu ni siri ya nyumba. Lakini nakubali, siri hiyo niliilipia elfu hamsini.

Na kuna kitu hamjanijibu. Yule mama wa Bunia anayechukua pisi arobaini hajawahi kuona tangazo langu. Aliletwa na dada yake, dada yake aliletwa na mama mmoja wa kanisani. Anachofanya ni hivi, Jumapili anaona kitenge kwa mtu ibadani, anapiga picha kwa nyuma, ananitumia na sauti, "mama nitafutie hii, ya ndege wawili, ya kijani si ya bluu". Mimi nazunguka ghala mpaka ghala naitafuta. Mwisho wa 2024 daraja la Karuma lilipofungwa wakalitengeneza, mabasi ya kutoka Kampala yakazunguka mbali, mizigo ikachelewa, na huyu mama hakwenda kwa mwingine kwa sababu kila siku nilimtumia sauti kumwambia mzigo uko wapi. Hiyo nayo ni WhatsApp, ni mtandao, sikatai, lakini hiyo haiuzwi laki tatu na kijana wa Kampala hawezi kunifanyia, hajui ndege wawili ni kitenge gani.

Kuhusu Juba nina hofu, maana Januari 2025 nao walifunga Facebook na TikTok siku kadhaa, wateja wangu wakapotea hewani. Kwa hiyo nimeamua kujaribu Bunia peke yake, elfu hamsini nyingine, siku zilezile tano, na bei ya rejareja nitaiandika kwenye picha, jirani aniige kama anataka. Mtoto wa kaka ndiye atakayejibu, si mimi, na nimemwambia ajibu ndani ya dakika kumi kwa Kiswahili na Lingala, asijibu kwa emoji. Kila anayelipa anaulizwa umetujua wapi, jibu linaingia kwenye daftari. Wakinunua chini ya pisi kumi nitarudi hapa niwaambie, na wakizidi nitarudi pia.

Yule kijana wa laki tatu nimempigia asubuhi hii, nimemwambia hapana, ameelewa.

Na hiyo ya rula imenikaa kichwani. Watu wananiuliza sana kama wax yangu, yaani kitenge cha rangi pande zote mbili, ni ya kweli, kwa sababu zile zilizochapwa upande mmoja zimejaa sokoni, ukigeuza nyuma ni nyeupe. Leo mchana nimemwambia mtoto arekodi nikigeuza kitambaa polepole, mbele, nyuma, rangi ileile pande zote mbili, halafu nikachovya pembe kwenye beseni la maji nikakamua kwenye kitambaa cheupe, waone kama rangi inachuja. Video imekuja nusu dakika. Tumeweka stetasi saa nane. Watu wawili wa Koboko wameshapiga simu, na mmoja wao simjui.