Mjadala: Mtoto wa Amu abaki ndani baada ya Magharibi, au arudishiwe mtaa?

Mwenye mada, Mkomani

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Amu, mji wetu wa Lamu, mlio mjini na mlio mbali. Nina jambo limenikaa rohoni tangu kikao cha wazazi wa mtaani kwetu. Baadhi yao wanataka tukubaliane sote kwamba mtoto aliye chini ya miaka 15 asionekane nje baada ya adhana ya Magharibi, wala asishuke pwani kuoga bila mtu mzima, saa yoyote ile. Sababu zao ni nzito na sizikatai. Unga, yaani dawa za kulevya, umeenea. Pikipiki zinapita pale ambapo zamani punda ndiye aliyekuwa mwenye njia. Lakini mzazi mmoja akasimama akasema: "Wakati wa korona walikaa ndani na hawakudhurika. Kumbe wanaweza." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilitoka pale nimekasirika, na nataka kueleza kwa nini.

Nilizaliwa mwaka 1976. Ngome yetu ilikuwa jela mpaka 1984, na kabla haijafungwa tulikuwa tukicheza gololi uwanjani Mkunguni na wafungwa wako upande wa pili wa ukuta. Alasiri tukitoka chuo cha Qur'ani, kanzu tunazitupa juu ya mawe, na bamvua likijaa tunajitosa baharini mmoja baada ya mwingine mpaka macho yawe mekundu. Mama hakujua niko wapi. Lakini kila daka, kile kibaraza cha mlangoni, lilikuwa na mtu. Nikiruka vibaya, au nikimtukana mwenzangu, habari ilifika nyumbani kabla sijakauka. Wako wazee ambao mpaka leo sijui majina yao, lakini nayajua makofi yao. Usiku tukicheza kibe vichochoroni, tulikuwa tunajificha nyuma ya migongo yao pale barazani, nao wanaendelea na mazungumzo yao kana kwamba hatupo.

Sasa ije 2020. Shule zilifungwa Machi, kuanzia tarehe 16. Tarehe 27 mwezi huo huo ikaanza kafyu ya nchi nzima, saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mwanangu alikuwa na miaka tisa. Mwisho wa Aprili ikaingia Ramadhani, na mnajua mji huu Ramadhani ulivyo, usiku ndio mchana wa watoto. Mwaka ule ilikuwa kimya. Tarawehe tuliswali nyumbani, mimi imamu wa mke na wana. Mwanangu alikuwa akipanda juu ya paa kabla ya jua kutua, anarusha tiara, na kwenye paa la mbali mtoto mwengine anarusha yake. Hawakujuana majina. Tiara zikikaribiana alikuwa anacheka peke yake kule juu, na mimi nilisimama ngazini nikimsikiliza, sikuwa na la kufanya.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuja Julai, misikiti iliporuhusiwa kufunguliwa. Amri ilisema waumini wasizidi 100 na ibada isipite dakika 60. Madrasa zibaki zimefungwa. Na walio chini ya miaka 13 wasije, wala waliozidi miaka 58. Tafadhali yasomeni tena hayo mawili ya mwisho. Mtoto na mzee. Hao ndio waliokuwa wenye mtaa huu. Mzee anakaa, mtoto anakimbia, na mmoja anamlinda mwenzake bila kuambiwa. Korona iliwaingiza ndani wote wawili kwa mara moja. Kisha watoto wakatoka, lakini wazee wengi hawakurudi barazani. Wengine tumewazika. Wengine wamezoea televisheni. Nasi, watu wa miaka arobaini na hamsini ambao tungepaswa kushika nafasi zao, tuko ndani na simu.

Kwa hivyo kabla hatujawafungia watoto mlango, nauliza: nani ameacha zamu?

Mvuvi, Langoni

Kaka, maneno yako ni matamu lakini wewe unazungumza habari za mji uliopita. Baraza unayoisifu, hapa kwetu usiku anaikalia nani? Anayeuza ndiye anayekaa. Mimi nimemlea mtoto wa marehemu dada yangu. Alikuwa mwogeleaji hodari, akiwa mdogo anapita chini ya jahazi anatokea upande wa pili. Aliyempa unga mara ya kwanza alimpa barazani, na ni mtu ambaye sote tunamjua, na hakuna aliyenyanyua mdomo, hata mimi. Leo ana miaka 24 na ukimpa shilingi hamsini hujui atainunulia nini.

Unasema zamani kila mtu alimrudi mtoto wa mwenziwe. Jaribu leo. Mwaka jana nilimshika mkono mvulana aliyekuwa akirusha mawe kwenye mashua, nikamwambia "Ndoo hapa, mwana wa nani wewe?" Babake alinijia usiku na ndugu zake wawili. Tangu siku ile nikiona kitu napita.

Mimi naunga mkono kanuni. Si kwa kupenda. Naiunga mkono kwa sababu mlango ni kitu pekee ambacho bado kiko mkononi mwangu.

Mama wa wasichana wawili

Nimekusoma mara mbili, kaka yangu, na nakuheshimu. Lakini utoto huo ulikuwa wako.

Mimi ni rika lako. Nilikua nyumba ya ghorofa, si mbali na Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Mpaka miaka kumi nilicheza mdako chini na wenzangu, kisha siku moja nikaambiwa sasa wewe ni mwari, basi. Hakuna aliyeniuliza. Bamvua nililiona kwa dirishani. Sauti zenu mkijitosa nilizisikia, na nikajua kwa sauti nani ni nani. Kutembeleana kwetu kulikuwa kwa wikio, ile njia ya juu inayounga nyumba na nyumba, ili tusishuke mtaani. Kwa hivyo mlipoanza kulalamika mwaka 2020 kwamba kukaa ndani kunaua roho, nilisema moyoni, karibuni.

Sisemi hivi kuwashinda. Nasema ili mjue kanuni hii itaangukia wapi. Itapitishwa kwa watoto wote. Baada ya mwezi wavulana watasamehewa, "ametumwa dukani," "ameenda mpirani." Wasichana hawatasamehewa. Binti yangu mkubwa ana miaka 13 na anaogelea vizuri kuliko kaka zake, kwa sababu nilimpeleka mwenyewe pwani ya Shela, asubuhi mapema, mimi na buibui langu nimekaa mchangani. Hiyo ni kazi ya miaka miwili. Siwapi.

Na kwa ndugu mvuvi: pole sana kwa huyo mwana. Lakini mlango ukifungwa, ndani nako kuna watu. Mambo yaliyowapata baadhi ya wasichana miezi ile ya shule kufungwa hayakutoka barabarani. Wanaojua wanajua.

Muuguzi

Naandika kwa ufupi, niko zamu. Msilinganishe. Mwaka 2020 tuliwaweka watoto ndani kwa ajili ya bibi na babu zao. Nyumba zetu zinakaa vizazi vitatu pamoja na vichochoro vyetu watu wawili hupishana kwa mabega. Ilikuwa lazima, na ningeitetea tena kesho. Lakini ile ilikuwa na mwisho: kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Hii mnayoitaka ninyi itaondolewa lini, na nani ataiondoa?

Kijana wa 2008

Shikamooni wazee wangu. Naomba niseme kwa sababu mnatuzungumzia sisi.

Kafyu ya korona kwangu ilikuwa ya pili. Ya kwanza nilikuwa na miaka sita, Julai 2014, baada ya watu kuuawa Mpeketoni mwezi Juni. Ilikuwa Lamu, si nchi nzima, na iliendelea kwa miezi. Jua likitua mlango unafungwa. Babangu alikuwa mvuvi wa usiku na hakuweza kwenda baharini, kwa hivyo alikaa, na alipokaa alikuwa mkali. Nikiambiwa "uhuru wa zamani" hicho ndicho cha zamani ninachokikumbuka mimi.

Lakini korona, nawaambia ukweli, ndio wakati niliokuwa huru zaidi maishani. Nilikuwa darasa la sita. Waliorudishwa tarehe 12 Oktoba walikuwa wa gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, kwa hivyo mimi nilikaa nyumbani mpaka Januari 2021. Hakuna shule, hakuna chuo, hakuna tuisheni. Mjomba wangu ana mashua ya kuwapeleka wageni, na wageni hawakuwepo. Alikuwa na huzuni nyingi, sasa naelewa, ana watoto wanne na hakuna hata senti inayoingia. Akaniambia njoo, tusiiache mashua ioze. Kila siku tulikuwa kwenye mkondo kati ya Amu na kisiwa cha Manda. Alinifundisha kushika usukani, kubisha (kwenda na tanga kinyume cha upepo), kuusoma upepo wa kusi kwenye ngozi ya maji kabla haujafika kwenye tanga. Saa kumi na mbili jioni tumefunga kamba, tunakimbia nyumbani.

Hakuwahi kunikanya wala kunihubiria. Alikuwa na nafasi tu. Shule ilipofunguliwa na wageni wakarudi, nafasi ikaisha, na mimi nikapewa simu.

Mwenye mada, Mkomani

Nimekaa na majibu yenu siku tatu kabla ya kurudi.

Dada yangu, umenisahihisha na nakubali. Niliandika "watoto" nikimaanisha wavulana, na sikujua kwamba nafanya hivyo mpaka uliposema mlitusikia kwa dirishani. Sina jibu la hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba kwenye kikao kijacho nitasimama nilisome jibu lako zima, ukiniruhusu.

Ndugu mvuvi, nakupinga kwa jambo moja tu. Umesema anayeuza ndiye anayekaa barazani. Amekaa kwa sababu ilikuwa tupu. Siamini kwamba angekuja kukaa katikati ya wazee sita. Kuhusu yule baba aliyekujia usiku, hilo ni kosa letu sote, na dawa yake ni wazazi kuambiana waziwazi: mwanangu ukimwona, mkanye, sitakujia. Mimi naanza. Wanangu watatu mnawajua. Wakanyeni.

Na kijana umeniacha na neno "nafasi." Nimeligeuza kila upande. Kwenye kikao sitapinga kanuni kwa hotuba. Nitaomba kwanza iandikwe orodha ya watu wazima watakaokaa nje kati ya Magharibi na Isha, kila siku, bila simu, kila mtu mlangoni kwake. Orodha ikikosa watu, basi pitisheni kanuni yenu na mimi nitanyamaza. Jina langu liandikeni Jumamosi na Jumapili.

Mvuvi, Langoni

Bamvua likipita huwa siendi usiku. Niandikeni siku hizo. Ila yule mtu akija kukaa, sitakuwa peke yangu, tuelewane.

Mama wa wasichana wawili

Soma, nimekuruhusu. Na mimi niandikeni Jumatano. Nitakaa dakani kwangu, mlango wazi, na binti zangu watakuwa nje, si nyuma yangu.