Mrejesho: mota ya kupimia nguvu ya kainjini ka modeli

Wakuu, juzi niliuliza mota gani itafaa kwa dainamomita (kifaa cha kupima nguvu ya injini) ya kujitengenezea, yaani injini inaizungusha mota nayo inazalisha umeme, kainjini kenyewe ni ka dizeli cc 2.5 kanazunguka 12,000 kwa dakika. Ile mota ya treadmili niliyokuwa naisifia nimeachana nayo, zito halafu brashi zake si za mwendo huo, nikachukua brashlesi (isiyo na brashi) ya Kv 400, yaani mizunguko 400 kwa dakika kwa kila volti, maana 12,000 gawa kwa 400 unapata kama volti 30, nyaya zake tatu zikaingia kwenye rektifaya (inageuza umeme wa AC kuwa DC) na taa za lori za volti 24 ndo mzigo wenyewe wa kula huo umeme.

Taa ya kwanza iliwaka nyeupe pwaa ikafa hapohapo, uzembe wangu, sasa nazifunga mbilimbili kwa sirizi (moja nyuma ya nyingine, zigawane volti).

Mota nzima imekaa juu ya beringi ili bodi icheze, mkono wa sentimita 10 unakandamiza mzani wa jikoni (mama watoto hajajua bado). Jana umesoma gramu 255, yaani toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 0.25, kwa mwendo ule ni wati 314 hivi. Ukipima kwa volti na ampea tu utapunjwa, mota nayo inakula yake inapochemka.

Kapling ya mpira wa hozi, ile inayounganisha injini na mota, bado inakatika.