Naomba ushauri: mama na skuta ya umeme kwenye mabasi ya Disney kipindi hiki cha korona

Habari zenu wapendwa. Machi hii, 2021, tunampeleka mama Walt Disney World, zile bustani za burudani za Florida. Magoti yamechoka, hivyo tutamkodia skuta ya umeme ya kukalia. Tutalala Riviera, hoteli ya Disney hukohuko.

Najua wenye skuta huingia kwanza kwa njia ya mteremko, kisha dereva anaifunga kwa mikanda. Hapo ndipo penye hofu yangu: dereva anainama karibu kabisa na mama, mtu wa miaka 71, ana kisukari na chanjo bado. Barakoa ni lazima na ndani ya basi wameweka vizuizi vya plastiki, sawa, lakini je, mama akishaegesha skuta anaweza kuhamia kiti cha mbali kabla haijafungwa? Na nafasi ya skuta ikiwa imeshachukuliwa, mnasubiri sana basi lingine?

Kwenda bustani za EPCOT na Hollywood Studios tutapanda Skyliner, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba za chuma, kila familia na kibanda chake. Shida ni Animal Kingdom, bustani yao yenye wanyama, ambako ni basi tu, na mama ameapa lazima apande gari la Kilimanjaro Safaris akaone hao tembo wa Florida! Au nitafute teksi inayobeba skuta? Waliokwenda karibuni, nisaidieni.