Vifaranga wanalala sana: je, ni ugonjwa au ni ubongo?

Mfugaji, Masasi
Ndugu wafugaji wenzangu, ninalea vifaranga wa kienyeji walioanguliwa juzi. Hudonoa kwa muda mfupi, kisha husinzia wakiwa wametawanyika vizuri, bila kulia wala kurundikana. Nimekusudia kuwawashia taa usiku kucha hadi wakue, ili wale zaidi. Je, ni nini katika ubongo wao kinachoamua wale lini na walale lini?

Mwalimu wa baiolojia, Lindi
Ndugu yangu, kwa maelezo yako sioni ugonjwa. Kifaranga huanguliwa akiwa na mabaki ya kiini cha yai tumboni, ambayo humlisha kwa siku mbili au tatu za mwanzo. Katika ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi hupokea kemikali zenye kazi zinazopingana: nyuropeptidi Y humhimiza kula, ilhali serotonini inapozidi hupunguza ulaji na kuleta usingizi. Linalonishangaza zaidi ni ghrelini, homoni inayoamsha njaa kwa binadamu na panya, kwani watafiti walipoidunga katika ubongo wa vifaranga, vifaranga hao walikula kidogo kuliko kawaida. Oreksini, kemikali nyingine ya ubongo, nayo huwaamsha bila kuwaongezea hamu ya kula. Kwa sababu hiyo, ninawasihi wafugaji wasiwape kuku dawa za kuongeza hamu ya kula zilizotengenezwa kwa ajili ya watu.

Mfugaji, Newala
Kaka wa Masasi, naomba uifikirie upya taa hiyo. Siku za mwanzo mwanga mrefu unafaa, kwa kuwa kifaranga anajifunza mahali pa chakula na maji, lakini baada ya hapo anahitaji giza. Tezi ya pineali ya ndege huhisi mwanga hata kupitia fuvu, nayo hutengeneza melatonini, homoni inayoujulisha mwili kuwa ni usiku, gizani kutokana na serotonini, ambayo asili yake ni triptofani, kijenzi cha protini kilichomo katika chakula. Taa isiyozimwa huvuruga mpangilio huo. Zima mwanga, usiondoe joto: wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, na ukitumia jiko la mkaa hakikisha hewa inapita, maana gesi yake ya sumu huua.

Mfugaji, Masasi
Ahsanteni sana. Nitamtambuaje aliye mgonjwa kweli?

Mwalimu wa baiolojia, Lindi
Mguse: mzima huamka mara moja. Kisha jioni papasa mfuko wa chakula chini ya shingo. Ukiwa mtupu, naye ameshusha mabawa, mtenge na umwite mtaalamu wa mifugo.